Nyumba ya Mkasi: Makumbusho ya Gede na Ushairi wa Magofu

Miji ya kale ya pwani yetu, kwa sehemu kubwa, ina wasemaji wake. Kilwa ina tarehe yake, iliyotufikia kwa Kiarabu na kwa muhtasari wa Kireno ulioingizwa na João de Barros katika maandishi yake ya karne ya 16. Pate ina Habari zake, na juu ya Habari hizo ina al-Inkishafi. Mombasa ina Muyaka. Gede haina kitu. Hakuna tarehe ya wafalme wake, hakuna utenzi uliotoka humo, wala hakuna mshairi anayejulikana kuwa ni mwanawe. Wareno waliishi Malindi kama marafiki wa mfalme wake kwa takriban miaka mia moja, na kutoka Malindi hadi Gede ni mwendo wa kilomita kumi na kitu tu, lakini katika maandishi yao mji huu hautajwi kwa jina tunalolijua. Hata jina lenyewe ni la baadaye. Husemwa kwamba limetokana na lugha ya Waoromo, waliopiga kambi katika magofu baada ya wenyewe kuondoka. Jina ambalo watu wa mji huu waliuitia mji wao hatuna hakika nalo.

Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu bila ya kulitia maanani hatuwezi kuyahukumu makumbusho ya Gede kwa haki. Makumbusho ya Lamu yakikosea, wako Walamu wa kuyasahihisha, na ziko nyumba zinazokaliwa mpaka leo zenye kuyakanusha. Makumbusho ya Gede ndiyo tarehe ya Gede, ndiyo utenzi wake, ndiyo shahidi wake wa pekee mbele ya mgeni. Kibao kikisema jambo, jambo hilo ndilo lililokuwa. Kikinyamaza, halikuwa. Hiyo ni amana nzito kuliko kawaida ya makumbusho ya kijijini, na ndiyo sababu inayonifanya niyasome kama tunavyosoma diwani, yaani kwa kuuliza ni nani anayesema, anamsemesha nani, na amemwacha nani nje ya beti zake.

Kwa wale ambao hawajafika: magofu yamo kusini ya Malindi, kilomita chache kutoka baharini, karibu na Watamu na pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Yalitangazwa kuwa ni kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927. Mwaka 1948 yalifanywa hifadhi ya taifa, na James Kirkman akawekwa kuyasimamia; alichimbua hapo kwa miaka kumi hivi, kisha akahamia Ngome ya Mombasa. Jumba la maonyesho lililoko sasa lilifunguliwa mwaka 2000 kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Lakini jumba ni sehemu ndogo ya makumbusho. Makumbusho yenyewe ni njia inayopita baina ya mibuyu na kuta, kima wakiruka juu, kutoka msikiti mkuu hadi jumba la mfalme na kutoka jumba la mfalme hadi nyumba za matajiri waliokaa jirani yake. Anayetembea katika njia hiyo anasoma kitabu kilichoandikwa na mtu mmoja, na kitabu hicho kimeandikwa kwa majina ya nyumba.

Majina hayo nayataja kwa tafsiri yangu: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sarafu ya Kichina, Nyumba ya Kijaluba cha Pembe, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Kirkman alizipa nyumba majina ya vitu alivyovikuta ndani yake. Alihitaji kuziita kwa namna fulani, na tukubali kwamba nambari zingekuwa mbaya zaidi. Tena majina hayo yana uzuri wake. Kila moja ni mshororo mfupi: nyumba nzima, vyumba vyake, ua wake uliochimbwa chini ya kiwango cha sakafu, choo chake na ghala yake isiyo na dirisha, vyote vimekusanywa katika kitu kimoja kinachoweza kushikwa mkononi. Washairi wetu wanaijua sanaa hiyo. Mgeni anaweza kusahau kila tarehe aliyoambiwa lakini mkasi hausahau.

Hata hivyo tuangalie majina haya yanafanya nini. Kwanza, nyumba imeitwa kwa kitu kilichosazwa, kilichodondoka au kilichofichika wakati wa kuhama. Wenye nyumba waliondoka na vile walivyovithamini, na sisi tumewabatiza kwa vile walivyoviacha. Pili, vitu vilivyochaguliwa ni vya ajabu au vya mbali: sarafu kutoka Uchina, ushanga kutoka Venisi. Nyumba haikuitwa kwa chungu kilichovunjikia humo, ingawa vyungu vilivunjika kila siku. Tatu, desturi ya pwani haiziiti nyumba hivyo. Huku kwetu visiwani nyumba huitwa kwa mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke: kwa Bi fulani, kwa mama fulani. Lamu ya zamani, katika nyumba za waungwana, mzee aliyeoza binti alimjengea nyumba au alimpa sehemu ya nyumba yake, akaongeza na akaongeza, hata mtaa mzima ukawa ni mabinti na mashangazi. Wataalamu wengi wanapozitazama nyumba za Gede zilivyobebana na kushikana kuta karibu na jumba la mfalme, wanafikiri kuwa huenda nako kulikuwa na mpango wa namna hiyo wa ukoo kuzaa nyumba. Kama ni hivyo, basi pale penye jina la sarafu palikuwa na jina la binti. Jina hilo halitarudi. Lakini kibao kinaweza kusema kwamba lilikuwepo, na hilo ni jambo jengine kabisa na kulifunika kwa sarafu.

Hapa ndipo ninapotaka kuleta al-Inkishafi, kwa sababu msomaji wa pwani hawezi kuingia nyumba ya mawe iliyoanguka bila ya kumsikia Sayyid Abdalla bin Ali bin Nassir. Utungo ule unatoka Pate na si Gede, na ulitungwa karibu miaka mia mbili baada ya Gede kuhamwa. Lakini nyumba ni zile zile, na vidaka ni vile vile. Mshairi anauonyesha moyo wake vidaka vilivyokuwa vimepangwa vyombo vya kaure na sasa vimekuwa viota vya ndege. Mchimbuzi naye anaingia nyumba ya namna ile ile, anakiona kidaka kitupu, anapekua kifusi cha sakafuni, na anaokota vigae vya kaure ile. Macho yote mawili yametua mahali pamoja. Mmoja anaona onyo, wa pili anaona biashara ya Bahari ya Hindi. Kwa mmoja kaure ni ghururi ya dunia. Kwa mwenziwe ni njia ya kukadiria karne.

Ni wazi nani kati yao aliyetupa nyumba iliyo hai zaidi, na si ajabu, kwani mshairi alikuwa akisema na moyo wake mwenyewe na mchimbuzi alikuwa akisema na wenziwe wa chuo. Ila kosa langu na makumbusho haliko hapo. Liko katika kwamba makumbusho yamerithi macho ya mchimbuzi kuhusu kaure na yakadhani hakuna macho mengine. Linda Donley-Reid, aliyezichunguza nyumba za Lamu katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba vyombo vya vidakani havikuwa pambo tu wala fahari tu. Vilikuwa kinga. Viliwekwa vipokee husuda na jicho baya kabla halijawafikia walio ndani, hasa wazazi na watoto wachanga. Ukilishika neno hilo ukarudi Gede, mambo mengi yanasema pamoja: mabakuli yaliyopachikwa katika kibla cha msikiti mkuu, nafasi za mabakuli katika makaburi, na yale mafingo, vyungu vilivyozikwa ili kuwalinda wenyeji na kuwapumbaza wezi. Kaure ya ng'ambo na chungu cha fingo vilifanya kazi ya jirani. Mtungo wa maonyesho unaoviweka mbalimbali, kimoja kama biashara na cha pili kama ushirikina, unaikata nyumba vipande viwili ambavyo mwenyewe hakuvikata.

Na hapa nafika penye jambo zito zaidi. Gede ilizungukwa na kuta mbili. Ndani ya ukuta wa ndani mna misikiti, jumba la mfalme, na nyumba za mawe. Ndimo inamopita njia ya mgeni. Baina ya kuta hizo mbili kuna ardhi pana ambayo leo ni miti na majani makavu. Wachimbuzi wanakubaliana kwamba humo ndimo walimokaa watu walio wengi: nyumba za fito na udongo zilizoezekwa makuti, mafiga, visima, mashamba madogo ya uani. Nyumba hizo haziachi gofu. Udongo hurudi udongo. Zinaacha donge la udongo uliokandikwa lenye alama ya fito, jivu, mifupa ya samaki na ya mbuzi, na vigae vingi mno vya ufinyanzi wa hapa hapa. Katika miji yote ya pwani iliyochimbuliwa, vyungu vya wenyeji ndivyo vingi, na kaure ni tone katika bahari. Kisiwani Pemba, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walipoacha kuyafuata magofu peke yake na kuitafuta mitaa ya udongo, walikuta Tumbe, kijiji kikubwa cha karne ya 7 hadi ya 10 kisichokuwa na nyumba hata moja ya mawe, na ambacho kilikuwa na vitu vya ng'ambo kwa wingi. Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine, na ya kale kabisa ilikuwa ya miti. Kwa hiyo hatuwezi tena kusema kwamba mawe ndiyo mji na udongo ni kiambatisho chake. Udongo ndio mama wa mji, na mawe ni mtoto wa uzeeni.

Makumbusho yanayotaka kuonyesha maisha ya kila siku yatafanya nini na watu wasioacha kuta? Hili si swali jepesi, na sitaki kujifanya kwamba jawabu lake ni kujenga kibanda cha makuti penye lango na kukiandikia kibao. Lakini mizani ya maonyesho inaweza kugeuzwa bila ya gharama kubwa. Chungu cha kupikia chenye masizi kinaweza kuwekwa pale inapowekwa kaure, katika kabati la kwanza, chini ya taa ile ile, na maelezo yake yakawa marefu kuliko ya kaure: kimefinyangwa vipi bila ya gurudumu, kimechomwa wapi, michoro ya shingoni mwake inafanana na ya mji gani, nani alikuwa akiifanya kazi hiyo. Ufinyanzi pwani ni kazi ya wanawake mpaka leo. Mwanamke wa mtaa wa baina ya kuta hana mshororo katika utungo wa Gede ila katika chungu hicho.

Wako watakaosema kwamba mgeni aliyetoka Watamu kwa saa mbili anataka kuona mji uliopotea na si chungu. Nakubali kwamba ndivyo anavyoahidiwa. Mji uliopotea, fumbo la msituni, watu waliotoweka: hayo ndiyo maneno yanayouza tikiti. Lakini Gede haikutoweka. Ilihamwa, hatua kwa hatua, mpaka mwanzoni mwa karne ya 17 ikawa tupu, na sababu zinazotajwa ni za watu wenye akili timamu. Vita vya Wazimba waliopita pwani hiyo mwaka 1589, kusogea kwa Waoromo, kuondoka kwa mfalme wa Malindi na Wareno wake kwenda Mombasa katika muongo wa 1590. Na maji. Kirkman aliona kwamba kisima cha penye msikiti mkuu kilichimbwa zaidi kuliko kilivyoanza. Hebu tusimame penye kisima hicho. Watu waliokuwa na kisima wakakiongeza kina, wakakiongeza tena, hawakuwa watu wa fumbo. Walikuwa watu waliokuwa wakishindana na jambo ambalo kila kijiji cha pwani kinalijua. Naona kwamba kisima ndicho chombo kikubwa kuliko vyote katika makumbusho haya, na hakihitaji kabati.

Fumbo lina madhara mengine. Mji uliopotea hauna warithi. Kirkman alikiita kitabu chake cha mwaka 1954 kwa jina la mji wa Kiarabu wa Gedi, na jina hilo likasimama mlangoni kwa muda mrefu, likiwafahamisha wanakijiji kwamba babu zao walikuja baadaye kulisha mbuzi juu ya kazi ya watu wengine. Leo elimu imegeuka. Uchimbuzi wa Stéphane Pradines, alioufanya hapo kuanzia mwaka 1999, umeuweka mji katika ukoo wa miji ya Waswahili. Mwaka 2023 ukachapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, miongoni mwao Mtwapa, Manda na Kilwa, ukaonyesha kwamba mama zao kwa sehemu kubwa kabisa walikuwa wa bara hili, na baadhi ya baba walitoka Uajemi. Ng'ambo haifutiki, wala haifai kufutwa kwa chuki. Sisi wa visiwani tunajua ubaya wa kumtoa mtu katika nasaba yake kwa tamko. Lakini nyumba haikuletwa kwa jahazi. Katika msikiti mkuu, juu ya mlango mmoja, amechongwa mkuki wa bapa pana. Mtu aliyeuchonga hakuona hitilafu baina ya mkuki huo na kibla. Chongo hilo moja lina elimu kubwa kuliko mijadala mingi, na msomaji akifika asiruhusu kuongozwa kupita bila ya kulitazama.

Kuhusu kijiji chenyewe, Wagiriama wa Gede hawakuyasubiri makumbusho kuyapa magofu maana. Katika simulizi zao magofu yana wenyewe, wazee wasioonekana, na anayeharibu hulipia. Imani hiyo imeulinda msitu uliofunika kuta kuliko sheria yoyote ya mwaka 1927, kama vile makaya ya Wamijikenda yalivyolinda misitu yao. Tangu mwaka 1993 wakulima wanaoishi kando ya Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo kwa mradi wa Kipepeo, wenye makao hapo hapo magofuni, na kipato hicho kimewapa sababu ya kuutetea msitu. Nani atasema kwamba haya si maisha ya kila siku ya Gede? Yanastahili chumba, na si kama mchezo wa ngoma wa kumwaga mgeni, bali kama sura ya mwisho ya kitabu.

Sijasema neno kuhusu lugha, na kwa jarida la ushairi hilo ndilo lingekuwa la mwanzo. Kirkman aliandika kwa Kiingereza na Pradines kwa Kifaransa. Vitabu vyao vyote viwili vinazitaja sehemu za nyumba kwa maneno ya lugha zao: ua, ukumbi, chumba cha nyuma. Lakini nyumba ya mawe ya Kiswahili ina majina ya sehemu zake, na Lamu wako wanaoyatamka bila ya kufikiri: daka, kiwanda, msana wa tini, msana wa yuu, ndani, nyumba ya kati. Majina haya si mapambo ya wapenda lugha. Yanapanga heshima na faragha, yanaonyesha nani anaishia wapi na nani anapita, ngazi kwa ngazi kutoka penye jua hadi penye kiza. Yakiandikwa penye kuta za Gede, kwa tahadhari kwamba tunakisia kutokana na jamaa walio hai, ukuta huanza kusema Kiswahili. Hii ni kazi inayohitaji washairi na mafundi wa nyumba wa Lamu kuketi pamoja na wachimbuzi, na sielewi kwa nini imechukua muda wote huu.

Mnamo Julai 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, baada ya Kilwa, Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu. Vibao vitaandikwa upya, kama ilivyo ada, na vikishaandikwa vitakaa miaka ishirini au thelathini. Ndiyo maana nasema haya sasa. Nyumba ya Mkasi iachwe na jina lake; limekwisha kuwa letu. Lakini kibao chake kianze na mkono ulioushika mkasi huo: ni wa mwanamume au wa mwanamke, ulikata nguo ya nani, kitambaa chenyewe kilitoka Gujarati au kilifumwa papa hapa kwa pamba ya shambani, na siku ya kufunga mizigo ulisahauliwa na nani.